Siri ya Mtungi Muulize Kata: Namna Dunia Ilivyojaribu Kupima Mama Anavyomjua Mwanawe



Biarusi anapoandaliwa hufundwa mengi. Kungwi humfunda namna ya kukaa na mume, shangazi humkumbusha heshima ya wakwe, mama humwonesha mapishi na usafi wa nyumba. Akijaaliwa kuzaa, wapo wa kumkanda, wapo wa kumpikia uji wa pilipili manga, na wapo wa kumlea mpaka arubaini yake itimie. Lakini jambo moja aghalabu huachwa lijifundishe lenyewe, nalo ni namna ya kukijua kilichomo ndani ya mtoto ambaye bado hajaanza kusema. Tunaambiana tu, "Utamjua mwenyewe, mtoto wako huyo."

Ni kweli wengi wetu huwajua watoto wetu. Lakini tunawajuaje? Na mtu wa nje anaweza kuja na kipimo akasema mama huyu anamwelewa mwanawe na yule bado? Wataalamu wamelishughulikia swali hili kwa zaidi ya miaka 70, na majibu yao yamekuwa madodoso yanayojazwa na wazazi wa nchi nyingi. Wachache katika sisi wanajua kwamba mlango mmoja mkubwa wa elimu hiyo ulifunguliwa hapa hapa Afrika Mashariki, kwenye sebule za wanawake wa Buganda.

Leo, wapenzi dada zetu, tuifuate historia hiyo pamoja. Inatuhusu, kwa sababu kipimo cha namna hii ndicho kinachoamua nani aitwe mama mzuri na nani aitwe mama asiyemwelewa mtoto.

Mgeni wa Kampala, mwaka 1954

Mary Ainsworth alizaliwa Marekani mwaka 1913 na akakulia Toronto, Kanada. Alikuwa mwanasaikolojia. Mwaka 1950 alihamia London pamoja na mumewe, akapata kazi kwa daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza hali ya watoto wadogo wanaotenganishwa na mama zao.

Zama zile hospitali nyingi za Uingereza ziliwazuia wazazi wasikae na watoto wao waliolazwa. Mtoto wa miaka miwili aliweza kubaki wodini siku nyingi huku mama yake akiruhusiwa kumwona kwa nadra. Siku za mwanzo mtoto hulia, kisha hunyamaza. Wengi waliokuwa wakihudumia wodi hizo waliona kwamba akishanyamaza basi amezoea. Bowlby na wenzake walisema sivyo. Kunyamaza kule kunaweza kuwa ni kukata tamaa.

Tuiangalie vizuri tofauti hiyo. Mtoto ni yule yule na kimya ni kile kile, lakini mmoja anaona utulivu na mwengine anaona huzuni. Suala zima la kumjua mtoto limo humo. Ishara inaonekana na kila mwenye macho. Maana yake ndiyo inayohitaji mtu anayemtazama mtoto kama kiumbe mwenye nafsi na fikra zake.

Mwaka 1954 mume wa Ainsworth alipata kazi kwenye taasisi ya utafiti wa jamii ya Afrika Mashariki iliyokuwepo Kampala, na mke akafuatana naye. Hakukaa bure. Alitafuta mkalimani, akaomba ruhusa ya kutembelea familia 26 zenye watoto wachanga 28 katika vijiji vya karibu na mji. Kila baada ya wiki mbili alikwenda nyumba moja moja, akakaa kama saa mbili, na aliendelea hivyo kwa muda uliofika hadi miezi tisa. Walikaa sebuleni wakati wa mchana, saa ambazo wanawake wa Kiganda hupokea wageni wao. Aliuliza maswali, lakini zaidi alitazama.

Kilichomvuta mwanzo kilikuwa habari ya kuachisha ziwa. Waganda walikuwa na mila ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake kwa siku kadhaa ili asahau ziwa. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana. Katika familia zetu wapo waliopelekwa kwa bibi vivyo hivyo, na wapo waliokuta ziwa limepakwa shubiri. Ainsworth alitaka kujua kutengwa kule kunamfanya nini mtoto. Alipofika akakuta mila ile imeshapungua, kwa hivyo akaligeuza swali lake. Badala ya kutazama mapenzi yanavyokatwa, akatazama yanavyoota. Mtoto anaanza lini kumtofautisha mama na watu wengine? Lini anamfuata kwa macho, anamtambalia, analia akimwona anatoka, anamshika nguo mgeni akiingia?

Tukumbushane hapa kwamba jambo la kuachisha ziwa katika dini yetu halikuachwa ovyo. Suratul Baqara, aya ya 233, imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza kunyonyesha, na kumwachisha mtoto kabla ya hapo kumefungamanishwa na kuridhiana na kushauriana kwa wazazi wawili. Yaani mtoto asiyeweza kujisemea amewekewa watu wawili wa kukaa na kumfikiria.

Mama aliyejaa habari

Baada ya miezi ile, Ainsworth aliwaweka watoto 28 katika mafungu matatu. Watoto 16 walikuwa wameshikamana na mama zao kwa utulivu. Walilia kidogo, na mama akiwepo walitambaa huku na huku wakichunguza vitu. Watoto 7 walishikamana na mama lakini kwa wasiwasi, wakilia sana hata wakiwa mikononi mwake. Watoto 5 walikuwa bado hawajaonesha kumtofautisha mama na watu wengine.

Akatafuta sababu. Na hapa ndipo penye jambo ambalo tungependa kila biarusi alichukue. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na utulivu wa mtoto ni namna mama alivyoweza kumsimulia mwanawe. Wapo mama ambao ukiwauliza habari za mtoto walibaki kwenye mada, wakatoa mengi bila kuulizwa, wakaeleza mambo madogo madogo na hawakuonesha kuchoka. Wapo wengine ambao mambo hayo madogo yaliwapita tu. Watoto wa wale wenye habari nyingi ndio waliokuwa na utulivu zaidi.

Wazee wetu walishasema, siri ya mtungi muulize kata. Kata inaijua siri ya mtungi kwa sababu inaingia ndani kila siku. Mtu anaweza kukaa nyumba moja na mtungi miaka kumi asijue maji yamebaki kiasi gani ikiwa hakuwahi kuyateka. Ndivyo ilivyo kwa mtoto. Kumpenda ni jambo moja na kumjua ni jambo jengine, na la pili huja kwa kuingia ndani na kuteka.

Tukumbuke pia kwamba wale mama wa Buganda hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha malezi ya kizungu. Wengine walikuwa na kazi za shamba na nyumba zilizojaa watu. Ujuzi wao ulikuwa wao wenyewe, na mgeni ndiye aliyekuja kujifunza kwao. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya watoto hao wa Uganda, nacho bado kinatajwa kila panapozungumzwa elimu hii.

Kipimo kinasafiri

Alipohamia Marekani, Ainsworth aliirudia kazi ile mjini Baltimore kuanzia mwaka 1963. Alichukua tena familia 26. Safari hii kila familia ilitembelewa mara 18 tangu mwezi wa kwanza wa mtoto mpaka alipopita mwaka mmoja, na kila ziara ilikuwa ya kama saa nne. Ukijumlisha, ni karibu saa 72 kwa kila nyumba. Kutokana na kazi hiyo aliunda mizani ya kupima usikivu wa mama kwa alama za 1 mpaka 9. Ndani yake mna mambo manne: mama aione ishara ya mtoto, aifahamu kama ilivyo, aijibu bila kuchelewa, na ajibu kwa kitu kinachofaa. Mwenye njaa apewe ziwa, mwenye usingizi abembelezwe, aliyechoka kubebwa awekwe chini.

Lakini kulikuwa na tatizo. Mtoto wa Kiganda akiona mama anainuka alilia au alimfuata, na mapenzi yake yakaonekana wazi. Wale wa Baltimore walikuwa wamezoea mama kuingia na kutoka chumbani siku nzima, kwa hivyo hawakujali. Ndipo Ainsworth na wenzake wakatengeneza jaribio la chumba kigeni. Mama na mtoto wa mwaka mmoja huingia chumba wasichokijua, mtu asiyejulikana naye huingia, mama hutoka na kurudi mara mbili. Yote huchukua kama dakika 20. Kinachotazamwa zaidi ni mtoto anavyompokea mama anaporudi: anamkimbilia na kutulia, anampuuza, au analia na kumsukuma huku akimtaka.

Jaribio hilo likaenea duniani, na hapo ndipo matata yalipoanza. Katika mji wa Bielefeld, Ujerumani, watafiti Klaus na Karin Grossmann walikuta karibu nusu ya watoto hawamkimbilii mama anaporudi. Kwa hesabu ya kipimo, hao ni watoto wanaojitenga na mama. Lakini watafiti hao walieleza kwamba wazazi wa huko walitaka mtoto ajitegemee mapema na asimng'ang'anie mama. Katika mji wa Sapporo, Japani, hali iligeuka. Baadhi ya watoto walilia mno wakashindwa kutulizwa, na hakukuwa na wale wa kupuuza. Mtafiti Keiko Takahashi alieleza kwamba mtoto wa Kijapani wa wakati ule alikuwa haachwi peke yake kabisa. Kumwacha pekee chumbani kulikuwa ni msiba kwake, na kilio chake hakikuonesha kasoro ya mama yake.

Sisi tunaoshona nguo za harusi jambo hili hatulishangai. Futi haisemi uongo, lakini inategemea umeiweka wapi. Kipimo cha bega ukikichukulia pale linapokaa bega la mtu mwengine, namba itakuwa sahihi na gauni halitamkaa biarusi.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Uholanzi, van IJzendoorn na Kroonenberg, walikusanya matokeo ya tafiti 32 kutoka nchi 8, zenye watoto karibu 2,000. Walikuta kwamba tofauti za ndani ya nchi moja zilikuwa kubwa mara moja na nusu kuliko tofauti baina ya nchi na nchi. Hilo lilikuwa funzo zuri, kwamba mtu asiseme Wajapani wako hivi na Wajerumani wako vile kama kwamba wote ni mmoja. Lakini tukizisoma zile nchi 8, hamna hata moja ya Afrika. Elimu iliyoanzia sebuleni Buganda ilifika mahali ikawa inajumlishwa bila ya Afrika kuwemo kwenye hesabu.

Kuhesabu maneno ya mama

Katika miaka ya 1990 swali likasogea mbele. Elizabeth Meins, mwanasaikolojia wa Uingereza, aliona kwamba kujibu kilio haraka hakutoshi. Mama anaweza kujibu upesi bila kufikiri mtoto anawaza nini. Akataka kupima kama mama anamwona mtoto kuwa na akili na nia zake mwenyewe.

Njia yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Mama na mtoto wa miezi sita wanarekodiwa wakicheza. Kisha watafiti husikiliza kila alilolisema mama na kutenga yale yanayotaja mawazo, matakwa au hisia za mtoto: umechoka, unautaka mpira, umeshtuka, unakumbuka huyu. Halafu hutazama kama lililosemwa linalingana na hali ya mtoto. Mama akisema umechoka na mtoto macho yake yote yako kwenye toy, hilo halihesabiki kuwa ni kumjua. Mwaka 2001 Meins na wenzake walitangaza kwamba mama waliosema maneno mengi ya namna hiyo, yenye kulingana na hali, watoto wao walikuwa na utulivu zaidi walipofika mwaka mmoja.

Kwa mzazi wa mtoto mkubwa kidogo huulizwa swali moja tu: tueleze mtoto wako. Mmoja atasema ni mrefu, ana nywele laini, anapenda wali. Mwengine atasema ana huruma, anafikiri sana kabla ya kujibu, hasahau alichoahidiwa. Watafiti huhesabu ni maelezo mangapi yamegusa akili na moyo. Utafiti uliotoka mwaka 2018, wa Claire Hughes na wenzake, ulilinganisha wazazi na watoto 241 wa Uingereza na Hong Kong. Wazazi wa Uingereza walitaja zaidi mambo ya akili ya mtoto, na watoto wao walifanya vizuri zaidi katika majaribio ya kufahamu kwamba mtu mwengine anaweza kuamini kitu tofauti na wanachokijua wao.

Likaja na dodoso pia. Mwaka 2017 Patrick Luyten na wenzake walitoa dodoso lenye sentensi 18 za mzazi kujipima. Linatazama mambo matatu. La kwanza ni kumfasiria mtoto nia mbaya, kama kuamini kwamba kichanga analia kusudi ili amuudhi mzazi. La pili ni kiasi gani mzazi ana uhakika wa kilichomo ndani ya mtoto. La tatu ni hamu yake ya kutaka kujua.

Hilo la pili limetugusa sana. Mtu angedhani mzazi mwenye uhakika wote ndiye bora. Kumbe kupindukia katika uhakika nako ni dosari, kwa sababu anayesema anajua kila kitu huacha kuuliza. Sisi Waislamu tunasadiki kwamba mwenye kuyajua yaliyomo vifuani ni Allah peke yake. Mama anakadiria, anatazama tena, anajirekebisha.

Na lile la kwanza tunalisikia kila siku uani. "Huyu mjeuri huyu, analia makusudi." "Mwache alie, anakutawala." Tunaitoa na methali, mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo ni ya mtoto anayefahamu anakatazwa nini. Kichanga cha miezi mitatu hakina ujeuri wa kumtawala mtu. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akiingia katika swala akikusudia kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kujua uchungu anaoupata mama yake. Ndani ya swala kilio kile kilisikika kuwa ni habari, na kikafanyiwa kazi.

Penye kimya

Sasa turudi kwenye kuhesabu maneno, maana humo mna hatari kwa akina sisi.

Mtafiti Robert LeVine na timu yake walikaa na Wakisii wa Kenya kati ya 1974 na 1976. Walikuta mama wanaokijibu kilio cha mtoto kwa haraka sana, kwa ziwa na kwa kumkumbatia, lakini wanaozungumza naye kidogo na wasiomkodolea macho kwa muda mrefu. Nchini Kameruni, Heidi Keller wa Ujerumani alikuta mama wa Kinso wanawasiliana na watoto wao kwa mwili: kuwabeba, kuwarusharusha, kuwagusa kwa mapigo. Mama wa Kijerumani waliwalaza watoto chali na kuzungumza nao uso kwa uso. Mbali zaidi, Papua New Guinea, Bambi Schieffelin alikaa na Wakaluli, ambao mama humgeuza mtoto uso uwatazame watu na kumsemea kwa sauti nyembamba. Hao huona si adabu kutamka kile anachowaza mtu mwengine.

Ukiingia nyumba hizo na karatasi ya kuhesabu maneno, mama hao watapata alama ndogo. Je, hawawajui watoto wao? Yule Mkisii anayemtuliza mtoto kabla kilio hakijakolea ameshaiona ishara, ameifahamu na ameijibu. Hakuisema tu.

Na hata pale maneno yanaposemwa, lugha nazo zina mizani yake. Sara Harkness na Charles Super walikaa na Wakipsigis wa Kokwet, Kenya, miaka ya mwanzo ya 1970. Walijifunza neno *ng'om*, ambalo ni akili ya mtoto inayoonekana katika kubeba jukumu la nyumbani bila ya kusimamiwa. Tujiulize, mzazi akisema mwanangu ni *ng'om*, mhesabuji aliandike upande wa akili au upande wa vitendo?

Kiswahili chetu kimejaa maneno ya namna hiyo. Mtoto akiacha chakula, mgeni ataandika "amekataa kula", na hicho ni kitendo. Mama wa Kiswahili atasema "amesusa". Ndani ya neno hilo moja kuna kwamba mtoto ameumia moyo, anajua nani kamuudhi, na anataka aje abembelezwe. Akisema "anadeka", amekwisha kukwambia kwamba mtoto hana maradhi ila anataka kuhakikishiwa anapendwa. Akisema "amenuna" au "ana kinyongo", ametofautisha hasira inayopita na ile iliyotuama. Bibi zetu hawakuhitaji dodoso. Lakini dodoso lililofasiriwa kutoka lugha nyengine linaweza lisiyaone yote hayo.

Hili si suala la vitabuni tu. Heidi Keller aliandika mwaka 2018 akitahadharisha kwamba si haki kuwapima wazazi wa tamaduni nyengine kwa kigezo cha familia za kati za nchi za Magharibi, kisha kuwashauri au kuwahukumu kwa kigezo hicho. Wapo dada zetu wanaoolewa Ulaya na kwengineko, wanaolea watoto mbali na mama zao. Siku mtaalamu akija na karatasi yake, dada huyo anahitaji kujua kwamba anaweza kueleza: sisi humtuliza mtoto kwa kumbeba, na haya ndiyo ninayoyajua juu ya mwanangu.

Biarusi achukue nini

Tunaona historia hii ina makosa pande mbili. Wapo waliodhani kipimo cha Baltimore kinamfaa kila mama duniani. Na wapo miongoni mwetu wanaosema mambo haya ni ya wazungu, mtoto hajui kitu, mlishe na mvishe atakua. Wote wawili wameisahau sebule ya Buganda. Pale kilichoonekana hakikuwa wingi wa maneno anayoambiwa mtoto, wala hakikuwa mila ya Kizungu. Ni mama kuwa na habari za mwanawe.

Kwa hiyo, dada, jiulize mara kwa mara kama ungeweza kumsimulia mwanao kwa mtu anayesikiliza. Kilio cha njaa kinatofautianaje na cha usingizi? Anaogopa nini mwaka huu ambacho mwaka jana hakukiogopa? Akinuna hupoa kwa kuachwa au kwa kuitwa? Wiki hii amefurahishwa na nini?

Wengi wetu tuna biashara, maofisi na skuli za kusomesha, na mtoto hushinda na bibi au na dada wa nyumbani. Hilo halikufungii mlango. Yule anayeshinda naye ana habari zake, basi muulize. Usiulize amekula na amelala pekee. Uliza leo alimkimbilia nani, alisusa nini, alicheka wapi. Na baba naye aulizwe na aeleze, maana kushauriana kule kwa Suratul Baqara ni kwa wazazi wawili.

Akishaanza kusema, msikilize hata katika mambo unayoyaona madogo. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na mdogo wake aliyeitwa Abu Umayr, mtoto mwenye kindege alichokuwa akicheza nacho. Kindege kikafa, mtoto akahuzunika. Mtume wetu (S.A.W.), na mizigo yote ya umma aliyokuwa nayo, alimwita mtoto yule kwa jina lake na akamuuliza habari za kindege chake. Alijua kwamba kifo cha kindege kwa mtoto ni msiba wa kweli, na akauzungumza naye.

Mwari wetu afundwe na hili pamoja na singo na mapishi, na somo wake amwambie kwamba mtoto atakayekuja ni mtu kamili tangu siku ya kwanza, mwenye yake moyoni.

Allah awajaalie mabiarusi wetu watoto wema, awape macho ya kuwaona na subira ya kuwasikiliza, na awarehemu mama zetu waliotujua kabla hatujajua kusema. Aamin.

Wabillahi tawfiq.